Simu Yaweza Kumtaja Mwizi?

Mwezi uliopita tuliahidi kuandika juu ya watoto na likizo, na ahadi hiyo hatukuitimiza. Twaomba radhi. Limetokea jambo hapa petu Nyamiaga ambalo lilitushughulisha mchana na usiku kwa muda wa siku kumi na moja, na hata sasa halijakwisha. Tumeona bora tulieleze hilo kwanza, kwani linahusu kila nyumba yenye kijana na yenye simu, na siku hizi nyumba isiyo na simu twaijua moja tu, nayo ni ya bibi kizee asemaye kwamba mtu akimtaka aje.

Siku ya Jumanne, baada ya sala ya Alasiri, walifika askari wawili wasiovaa sare, wamechukua karatasi yenye jina la kijana wa kitongoji cha jirani. Kijana huyu twamjua tangu alipokuwa akiletwa chuoni kwetu na kaka yake, hajaweza hata kufunga kikoi chake mwenyewe. Leo ana miaka 23, anaendesha bodaboda, na kila juma hulipa deni la pikipiki. Karatasi ilisema kwamba mwanamke mmoja wa mkoa mwingine, mbali sana na huku, alitapeliwa fedha kwa ule ujumbe ambao hapana Mtanzania asiyeujua, wa kwamba ile hela itume kwa namba hii. Laini iliyopokea fedha ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha kijana wetu na kwa alama ya kidole chake. Akachukuliwa, akalala huko siku mbili, na siku ya tatu akatoka kwa dhamana.

Alipotoka alikuta kijiji kimekwisha kumhukumu. Wenzake wa kijiweni walimwambia asiegeshe pikipiki pale mpaka mambo yake yaishe. Wazee wa binti aliyemposa, watu wema tuwajuao, walirudisha posa kwa mkono wa mjumbe, bila ya maneno mengi. Na mtu mmoja alisimama dukani, mbele ya watu, akasema kwamba hilo si la ajabu, kwani kitongoji kile ni cha wezi tokea enzi ya wakimbizi.

Baba yake alitujia usiku. Alikaa mkekani muda mrefu asiseme kitu. Tukamwambia, "Mzee mwenzetu, sema, hapa tupo wawili tu." Akasema, "Maalim, simu haisemi uongo. Nami ni baba yake. Nifanye nini?"

Tulifahamu papo hapo kwamba hakuja kutuomba tumsaidie mwanawe kushinda kesi. Alikuja kutuuliza kama amwamini mwanawe.

Sisi elimu yetu ni ya chuoni na ya shule ya msingi, na mambo ya mitambo hatukuyasomea. Lakini tunaye mwana asomaye Mwanza elimu ya takwimu, yaani elimu ya hesabu za watu na mambo yao, na kwa siku hizo zote tulimsumbua kwa maswali hata akatuambia kwa adabu kwamba ana mitihani. Haya tutakayoyaandika tumeyapata kwake na katika maandishi aliyotusomea, na tumeyapima kwa akili yetu ya kijijini.

Kwanza yafaa kujua simu husema nini. Mtu apigapo simu, au atumapo ujumbe au fedha, mtambo wa kampuni huandika mambo machache: namba iliyopiga, namba iliyopigiwa, saa, na mnara uliopokea mawimbi. Hayo huandikwa kwa kila mtu, mwema na mwovu, kila siku. Mjini minara imesongamana, na mnara mmoja waweza kuwa na mitaa michache tu chini yake. Huku kwetu mnara mmoja juu ya kilima hutazama mabonde kadhaa, migomba, shule, msikiti, kanisa na baa, vyote pamoja. Basi mtambo ukisema kwamba laini fulani ilikuwa hapa, maana yake ni kwamba ilikuwa mahali fulani katika eneo hilo lote. Na wale wakaao mpakani, upande wa Rusumo au wa Kabanga, wanajua kwamba simu yaweza kuvutwa na mnara wa nchi nyingine, mtu akakaribishwa Rwanda au Burundi kwa ujumbe wenye heshima naye yu shambani mwake apalilia maharage.

Zaidi ya hapo, mtambo hujua laini tu. Mkono ulioishika haujui. Hili ndilo tulilomwambia baba yule usiku ule: simu haisemi uongo, lakini husema neno dogo, na sisi twasikia neno kubwa.

Ama wataalamu wa dunia wameligundua katika khabari hizi za simu jambo jingine lenye manufaa, nalo ni kujifunza mahali. Kabla ya hapo mtu aliyetaka kujua uhalifu hutokea wapi alikuwa na daftari la polisi tu. Mfaransa mmoja, André-Michel Guerry, alichora ramani za makosa ya jinai mkoa kwa mkoa katika nchi ya Ufaransa, na kitabu chake kikatoka mwaka 1833, na tangu hapo watu hawakuacha kuchora. Mwaka 1989 Lawrence Sherman na wenzake walitoa hesabu za mji wa Minneapolis katika Marekani. Walikuwa wamechukua simu zote walizopigiwa polisi kwa mwaka mmoja, zaidi ya 300,000, wakazitazama nyumba kwa nyumba na njia panda kwa njia panda. Wakaona kwamba nusu ya simu zile zilitoka katika kama asilimia 3 tu ya mahali pa mji ule. Wasomaji, neno hili ni kubwa kuliko lionekanavyo. Kila mtu alikuwa akisema mtaa fulani ni mbaya. Kumbe ubaya ulikuwa katika baa moja, kituo kimoja cha mabasi, jumba moja, na jirani zake pande zote walikuwa wakilala salama. Mtaa mzima ulichukua jina la mlango mmoja.

Sasa katika miaka hii zimeongezeka khabari zisizotoka kwa polisi. Mwaka 2014 jamaa wa elimu hiyo walichukua khabari za simu za mji wa London, si za mtu mmoja mmoja bali jumla yake, kwamba saa fulani katika kipande fulani cha mji palikuwa na watu kadha wa kadha, wa umri huu na huu. Wakataka kubashiri vipande vipi vitakuwa na uhalifu mwingi mwezi ufuatao, wakapata sawa karibu mara 70 katika 100. Maana ya jambo hili si vigumu kuifahamu hata kwa mtu wa Ngara. Mahali pana sura tofauti mchana na usiku, siku ya soko na siku isiyo ya soko. Sensa humhesabu mtu pale alipolala, lakini mwizi wa mfukoni hafuati watu walikolala, hufuata walikojaa.

Msomaji aseme: basi si wamekwisha kupata dawa? La. Mara 30 katika 100 walikosea, na kukosea kwenyewe kuna nyumba za watu ndani yake. Tena walikuwa wakisema juu ya kipande cha ardhi, wala si juu ya fulani bin fulani. Anayechukua hesabu ya mahali akaitundika shingoni mwa mtu amefanya kosa lile lile alilofanya yule bwana wa dukani, ingawa yeye hakuwa na kompyuta.

Twataka kukaa kidogo juu ya neno la bwana huyo, enzi ya wakimbizi, kwa kuwa vijana wetu hulisikia na hawakuwapo. Sisi tulikuwapo, nasi tulikuwa vijana. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa kama siku moja. Waliwekwa Benaco, mahali palipopata jina kwa kampuni ya Kitaliani iliyojenga barabara. Baada ya hapo wakaja wengine, na wageni wakawazidi wenyeji wa wilaya kwa wingi. Serikali iliwataka Wanyarwanda warejee kwao kabla ya mwisho wa Desemba 1996. Warundi walibaki Lukole mpaka kambi ile ilipofungwa mwaka 2008. Katika miaka ile miti iliisha milimani, bei za vitu zilipanda na kushuka kama maji ya mvua, silaha zilizotoka vitani zilipita njia za porini, na magari yapitayo mapori kati ya Lusahunga na huku yalikuwa yakisindikizwa na askari wenye bunduki. Yote hayo ni kweli.

Lakini ni nani aliyeiba? Kila kitu kilichopotea, hata jembe lililosahauliwa kondeni, aliambiwa mkimbizi. Na walioko Mwanza na Dar es Salaam walisema ni watu wa Ngara, bila kupambanua mwenyeji na mgeni. Mwenzetu mmoja alikwenda kupanga chumba mjini, akaulizwa atokako, akasema Ngara, chumba kikawa kimekwisha chukuliwa. Hatukuwa na hesabu ya kujitetea nayo. Tena hesabu yenyewe ina mlango wake wa kuingilia. Chukua kijiji cha watu 100 chenye wezi 2. Kikafurika wageni, kikawa na watu 1,000 na wezi 15. Wezi wameongezeka zaidi ya mara saba, na kila mtu analala na panga chini ya kitanda. Na hata hivyo, ukimchukua mtu yeyote njiani, yumkini ya kuwa mwizi ni ndogo kuliko zamani. Mwana wetu alipotuonyesha hesabu hii tulinyamaza, kwani tulikumbuka watu tuliowadhania vibaya tukiwa na umri kama wake.

Hali kama ile, mtu akitaka kujua leo, khabari zaweza kukusanywa na wenye shida wenyewe. Mfano ulio karibu ni wa Kenya. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 palizuka machafuko, na serikali ikazuia matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Watu walikuwa hawajui njia ipi yapitika na mji upi wawaka. Mwanamke mmoja mwanasheria, Ory Okolloh, akaomba wajuzi wa kompyuta wasaidie kutengeneza ramani ambayo raia wangepeleka khabari kwa simu: hapa pamechomwa nyumba, hapa watu wamekimbilia kanisani, hapa pana njia. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakawa naye, na katika Januari 2008 ramani ikafunguliwa. Jina waliloipa ni neno letu, Ushahidi, na kwa jina hilo ilikwenda mbali. Mwaka 2010 ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Baadaye khabari zilizokusanywa na Ushahidi zililinganishwa na zile za magazeti, ikaonekana kwamba zilifika sehemu nyingi zaidi za nchi ambazo waandishi hawakufika. Hiyo ni sifa yake. Lakini sisi tuliosoma kidogo juu ya ushahidi katika fikihi tuliuliza mara moja: shahidi ni nani, na ameona au amesikia? Watengenezaji wenyewe walilijua jambo hili, wakawa wakitafuta watu wa kuthibitisha, kwani mtu mwenye chuki aweza kutuma uongo kwa senti chache. Kuna na upungufu mwingine usioonekana, nao ni wa wale walionyamaza. Mahali pasipo na mnara, au ambapo watu wote wamekimbia na hapana wa kutuma, ramani huwa nyeupe, na mtazamaji hudhani pana amani. Ndiyo maana haikuwa badala ya Tume ya Jaji Philip Waki, ambayo mwaka huo huo wa 2008 ilikaa, ikaita watu, ikawasikiliza, na kutaja waliokufa kuwa 1,133.

Na katika nchi yetu, ng'ambo ya ziwa, mkoani Mara, kuna jambo ambalo sisi twalipenda zaidi kuliko yote. Huko wako wasichana wanaokeketwa, hasa katika mwezi wa Desemba, ingawa sheria ya mwaka 1998 imekataza kumkeketa mtoto aliye chini ya miaka 18. Mama Rhobi Samwelly, ambaye naye aliyapata hayo utotoni, anaongoza nyumba za kuwahifadhi wasichana wanaokimbia, Mugumu na Butiama. Shida mojawapo ilikuwa ndogo mno kwa kuitaja: binti ataita kwa simu usiku, aseme kijiji chake, na gari la polisi halijui kijiji kiko wapi, kwa kuwa ramani haina chochote ila rangi ya kijani. Tangu mwaka 2015 watu wa kujitolea wa kazi iitwayo Crowd2Map, wengi wao wako nchi za mbali na hawajaiona Tanzania kwa macho, wamekuwa wakitazama picha zilizopigwa na satelaiti na kuchora njia na nyumba katika ramani ya wote iitwayo OpenStreetMap. Kisha wenyeji wenye simu hutia majina, kwani picha ya angani haijui kwamba kilima kile kinaitwaje wala duka lile ni la nani. Vijiji vikapata watu wao waliofundishwa kupeleka khabari ya binti aliye hatarini.

Twaomba msomaji aone tofauti. Hapa khabari ya mahali haitafuti wa kumlaumu, inatafuta njia ya kumfikia mtu kabla ya kudhurika. Inapofika hapo hatuna la kusema ila kuwaombea kheri.

Ama upande wa pili nao upo. Mwaka 2016 Kristian Lum na William Isaac waliijaribu programu moja ya Marekani ya kubashiri uhalifu kwa kuipa daftari la polisi la mji wa Oakland juu ya dawa za kulevya. Hesabu nyingine za afya zilionyesha kwamba watumiaji wa dawa hizo wametapakaa karibu mji mzima. Programu ikawa inawaelekeza askari mitaa ile ile ya watu weusi na wa kipato kidogo. Sababu ni kwamba askari walikuwa wamezoea kwenda huko, wakakamata huko, wakaandika huko. Na programu ilikuwa imesoma yaliyoandikwa. Ukienda tena utakamata tena, na daftari litazidi kunenepa kwa upande huo huo. Sisi walimu tunalijua sana jambo hili, ijapokuwa hatukulipa jina. Mtoto mmoja akishatajwa mtundu, macho yetu hukaa kwake, na wa nyuma yake aliyetupa kokwa la embe hatumwoni.

Tanzania nayo ina hesabu zake sasa. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, hutoa taarifa kila robo ya mwaka, na ndani yake hutaja majaribio ya utapeli wa simu mkoa kwa mkoa. Katika taarifa za mwaka 2024 mikoa ya Rukwa na Morogoro ilikuwa mbele. Hizi ni khabari za manufaa, kwani serikali hujua pa kupeleka nguvu, na makampuni hujua laini zipi za kufunga. Lakini mara zilipochapishwa tulisikia kwa masikio yetu, ndani ya basi, mtu akimwambia abiria mwenziwe wa Sumbawanga aweke simu yake mbali naye. Mchekeshaji akacheka, na basi zima likacheka, na yule bwana wa Sumbawanga akatazama dirishani. Sisi watu wa Ngara haikutufaa kucheka.

Na kuna hili la kutazamwa. Hata majina yakiondolewa, mtu hajifichi vizuri katika khabari za simu. Mwaka 2013 wataalamu walizipima khabari za watu milioni moja na nusu, wakaona kwamba ukijua mahali panne tu alipokuwapo mtu, na saa zake, unaweza kumpambanua na wenzake wote mara 95 katika 100. Mahali panne, wasomaji, ni nyumbani, kazini, msikitini na kwa mama mkwe. Nchi yetu imetunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na imewekwa tume ya kuisimamia. Watu wengi hawajui kwamba ipo. Waislamu hawahitaji kungoja sheria hiyo ili kulijua jambo lenyewe, kwani katika Suratul Hujurat, aya ya 6 na ya 12, tumeamriwa kuichunguza khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, na tumekatazwa dhana na kupelelezana. Tena imesimuliwa kwamba Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amridhie, alipanda ukuta wa nyumba usiku akamkuta mtu katika maasi. Mtu yule akamjibu kwamba yeye amekosa moja na Khalifa amekosa tatu: amepeleleza, hakuingia kwa mlango, wala hakutoa salamu. Na Umar akamwacha. Kwa hivyo mwenye dola aweza kupata haki ya kuingia, lakini mlango uwepo, na aupitie. Kwa mwizi wa kweli mlango huo ni mahakama na askari mwenye idhini. Wala hatusemi kwamba wezi waachwe. Mwanamke yule wa mkoa wa mbali aliibiwa fedha zake, na machozi yake ni haki.

Turudi kwa kijana.

Tulimwita, yeye na baba yake, tukamwambia apige *106# kwenye simu yake mbele yetu, ambayo ndiyo namba ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu. Yeye ana laini mbili. Zilitokea nne. Baba yake alizihesabu kwa kidole mara tatu. Tukamwuliza taratibu, ni nani aliyewahi kumsajili. Akakumbuka kwamba alipopoteza simu, alimwendea wakala wa barabarani, mwenye mwavuli na meza, na kila alipoweka kidole aliambiwa hakijasoma, rudia, futa jasho, rudia tena. Alirudia mara nyingi asihesabu. Alilipa, akashukuru, akaenda zake. Tangu usajili wa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, hila hii imewapata wengi: kidole kimoja kilichosoma mara tatu ni laini tatu, na mbili huuzwa kwa wasiotaka kujulikana. Wakala huyo hatumtaji, wala hatujui alipo.

Tulikwenda sote kituoni na karatasi tuliyoandika siku na saa. Tulipokewa vizuri, na afisa aliyekuwa na shauri hilo alitusikiliza mpaka mwisho. Siku nne baadaye akamwita baba akamweleza kwamba khabari za minara zimekuja, na laini ile iliyopokea fedha haikuwashwa katika wilaya hii hata siku moja. Siku fedha zilipoingia na kutolewa ilikuwa mbali kwa safari ya siku mbili. Na saa hiyo hiyo kijana alikuwa amebeba mgonjwa kumpeleka hospitali hapa Nyamiaga, na yako majina ya watu wa nyumba ile. Basi simu ile ile iliyomtia shakani ndiyo iliyomtoa, lakini ilipoulizwa maswali yote, na ilipowekwa pamoja na watu walioona kwa macho.

Wasomaji wenye vijana wawaonyeshe namba hiyo leo hii, na waangalie na laini za wazee, kwani wazee ndio wanaowekwa kidole zaidi na kuulizwa kidogo. Laini usiyoijua ipelekwe katika duka la kampuni ifutwe. Ujumbe wa tapeli haufai kujibiwa kwa matusi kama wafanyavyo vijana. Namba iliyoutuma ipelekwe kwa 15040, ihesabiwe.

Kijana amerudi kijiweni. Alisema wenzake walimpisha kivulini, wala hawakusema kitu, naye hakusema. Posa bado. Mzee wa binti alitutumia jibu kwamba yeye hana shaka na kijana, ila jamaa zake wa upande wa mama wanataka waione karatasi ya polisi yenye mhuri. Karatasi imepatikana juzi. Ijumaa hii, baada ya sala, tutakwenda sote wanne, baba, mjomba wake, jirani na sisi, nayo imo katika mfuko wa nailoni isilowe, kwa kuwa mvua za huku zimeanza.